Daftari la Troya hadi Ithaca: siku kumi na tano katika nchi ya Homer

Nimezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapomwaga maji baharini. Babu yangu alikuwa akighani utenzi wa Fumo Liyongo usiku wa mbalamwezi, na kila akifika mahali pa kutaja mji alinyosha mkono: Shaka ni kule, Ozi ni hapa, na kaburi lenyewe ni pale chini ya miti. Kwa hivyo tangu utoto najua kwamba utenzi una ardhi yake, na kwamba aliyeutunga aliikanyaga au alisimuliwa na walioikanyaga. Nilipoanza kufundisha fasihi na kumsoma Homer, mtunzi wa kale wa Wagiriki wa tenzi mbili, Iliad ya vita vya Troya na Odyssey ya safari ya Odysseus kurudi kwao Ithaca, swali likawa lile lile: mkono nao unyoshwe wapi?

Likizo ya Agosti 2024 nilikwenda kutazama. Mdogo wangu anayefanya kazi Doha aliomba ruhusa tukakutana Istanbul. Nilibeba daftari moja la kurasa mia. Kabla ya kila kituo nilikuwa nimeandika jambo moja au mawili ambayo tenzi zinasema kuhusu mahali hapo, na ahadi ilikuwa nikifika nitie alama, vema au kosa, bila kujipendelea. Haya ninayaandika nyumbani Malindi, kwa daftari hilo na picha za simu ya mdogo wangu.

Kuhusu viza: zinatakiwa mbili, ya Uturuki na ya Schengen. Ile ya Schengen ilikuwa euro 90 na unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Mimi nilianza miezi mitatu kabla, na jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku tisa. Anza mapema kuliko mimi.

Jumatatu, 5 Agosti. Istanbul hadi Çanakkale

Begi la mdogo wangu halikufika. Tulisimama uwanjani hadi mkanda ukazimwa, tukaandikisha karatasi, tukaondoka na mashati mawili aliyokuwa nayo mkononi. Begi tuliliona tena Athens siku ya sita.

Basi la kwenda Çanakkale liliondoka saa mbili asubuhi, lira 650 kila mtu, yaani kama shilingi 2,500 za Kenya. Kijana wa basi anapita na kigari cha chai na biskuti bila malipo. Tulivuka mlango wa bahari wa Dardanelles kwa daraja jipya lililofunguliwa Machi 2022. Kipande chake cha katikati, kati ya nguzo na nguzo, ni mita 2,023. Wagiriki wa kale waliuita mlango huo Hellespont, na mimi niliuona kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la basi: maji ya buluu iliyokoza, meli za mizigo zimejipanga, na mkondo unaokimbia kama mto.

Jioni tulitembea ufukweni Çanakkale. Kuna farasi mkubwa wa kuigiza yule ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili waingie Troya, mabaki ya filamu ya mwaka 2004, na kila mtu anapiga naye picha. Nilimweleza mdogo wangu kwamba ukisoma Iliad yote hutamkuta farasi huyo, maana utenzi unaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troya, na mji bado umesimama. Farasi anasimuliwa katika Odyssey, tena kama hadithi ya zamani inayoghaniwa karamuni. Hata kisigino cha Achilles, shujaa wa Wagiriki anayesemekana aliweza kuuawa hapo tu, hakimo katika Iliad. Alishangaa sana, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tukikilinganisha na kitovu cha Liyongo tangu utotoni.

Chakula: supu ya adesi na ndimu, mkate usiokwisha, lira 120 wakati ule. Halafu usipitwe na halua yao ya jibini. Ni laini, ya moto, imechomwa juu ikapata rangi ya kahawia. Si halua ya Lamu, lakini jina ni moja na kahawa yake ni chungu vilevile.

Jumanne, 6 Agosti. Troya

Matatu za kwenda Troya zinasimama chini ya daraja la mto Sarıçay, karibu na katikati ya mji. Nauli unapitisha kwa abiria wa mbele yako, chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo, mkono kwa mkono. Dakika arubaini hivi. Uliza gari la mwisho la kurudi kabla hujashuka. Kiingilio kilikuwa euro 27, kama shilingi 3,900, ghali kuliko mahali pengine pote tulipokwenda.

Katika daftari nilikuwa nimeandika mawili. La kwanza: Homer anauita mji huu Ilios wenye upepo. La pili: meli za Wagiriki ziko ufukweni, na wapiganaji wanakwenda na kurudi kati ya meli na kuta za mji ndani ya siku moja.

Upepo ulitukuta kabla hatujafika kwenye kuta. Ulitoka kaskazini, mkavu, haukupumzika hata mara moja kwa saa nne tulizokaa. Ulinivua mtandio mara mbili. Majani ya mialoni yalikuwa yameinamia upande mmoja, na mdogo wangu akizungumza hatua tatu mbele sikusikia neno. Upepo huo wa kiangazi pamoja na mkondo wa Hellespont ndio uliozuia mashua za matanga zisiingie mlangoni. Zilitia nanga zikingoja, na mwenye kilima hiki aliweza kuwauzia mabaharia maji na chakula na kuwatoza alichotaka. Nilitia vema ya kwanza nikiwa nimelikandamiza daftari kwa goti.

Kilima chenyewe, Hisarlık, ni kidogo. Mtu akitarajia mji kama Mombasa atahuzunika. Lakini ni miji tisa iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kwa muda wa miaka elfu tatu na zaidi, na vibao vyenye namba za Kirumi vinakuonyesha uko tabaka gani. Ukuta wa tabaka la sita ndio uliotufanya tukae kimya: mawe yaliyochongwa yakaingiliana bila chokaa, ukuta umelala kidogo kwa nyuma, unene wake mita nne na ushei. Nilipitisha kiganja kwenye maungio. Wembe haupenyi. Katika Iliad, Patroclus, rafiki wa Achilles, anajaribu mara tatu kuukwea ukuta wa Troya na mara tatu anasukumwa chini. Ukiutazama mteremko ule unaelewa kwa nini mtu angewaza kuukwea, maana hausimami wima.

Katikati ya kilima kuna mfereji mpana, jeraha hasa. Huo ni mkono wa Heinrich Schliemann, Mjerumani tajiri aliyeanza kuchimba mwaka 1870. Frank Calvert, aliyemiliki sehemu ya kilima na kukichimba kabla yake, ndiye aliyemwonyesha. Schliemann aliamini mji wa Priam, mfalme wa Troya katika utenzi, uko chini kabisa, akakata moja kwa moja. Mwaka 1873 alipata dhahabu akaiita hazina ya Priam, lakini ilikuwa ya tabaka la pili, kongwe kuliko vita vyovyote vya Homer kwa miaka elfu moja hivi. Na katika kuifuata aliharibu sehemu ya tabaka alizokuwa akizitafuta. Leo dhahabu hiyo iko Moscow. Niliumia kusimama juu ya mfereji ule. Alimpenda Homer kweli, wala sina shaka na hilo, ila hakuwa na subira ya kusikiliza udongo.

Jambo la pili la daftari lilinitia wasiwasi. Kutoka juu ya kuta unatazama kaskazini na unaona mashamba tu: nyanya, mahindi, matrekta. Bahari iko mbali, kilomita tano au sita. Nilikuwa nimeshaandika kosa. Ndipo tukasoma maelezo kwenye jumba la makumbusho lililo barabarani kuelekea kijijini, lililofunguliwa mwaka 2018. Wanajiolojia walitoboa ardhi ya uwanda huu wakatoa udongo wa chini kabisa, nao umejaa mabaki ya viumbe wa baharini. Ghuba ilikuwa ikifika karibu na kilima. Mto Karamenderes, ambao Homer anauita Scamander, umeijaza tope mwaka baada ya mwaka. Mimi mtoto wa mlango wa Tana ningepaswa kulifikiri hilo mwenyewe! Nimeona kwa macho yangu mto ukihamisha pwani. Nilifuta kosa nikaandika vema, na pembeni nikaandika: usihukumu kabla hujaujua mto.

Jumba hilo la makumbusho linahitaji saa mbili kamili. Anza kilimani asubuhi, ingia makumbusho jua likiwa kali.

Jumatano, 7 Agosti. Kilele cha Poseidon

Tulilala kijijini Tevfikiye, mwendo mfupi kwa mguu kutoka kwenye magofu. Siku hii ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Katika daftari nilikuwa na swali gumu. Wimbo wa 13 wa Iliad unasema mungu Poseidon alikaa juu ya kilele cha kisiwa cha Samothrace akitazama vita, na kutoka hapo aliuona mji wa Priam na meli. Ukifungua ramani, haiwezekani: kati ya Samothrace na Troya kuna kisiwa kingine, Imbros, ambacho Waturuki wanakiita Gökçeada, kimekaa katikati kama mtu aliyesimama mlangoni.

Kwenye kibanda cha chai kulikuwa na wazee wanne wanacheza karata. Tukatoa salamu, "Assalaam aleikum," wakaitikia wote kwa pamoja na viti viwili vikavutwa. Hatukuwa na Kituruki wala wao Kiingereza, lakini maneno yalianza kujitokeza. Kitabu ni *kitap*. Dunia ni *dünya*. Sabuni ni *sabun*. Mdogo wangu aliandika orodha kwenye pakiti ya sukari, na kila neno jipya likipatikana mzee mmoja alipiga meza. Niliwaonyesha ramani kwenye simu, nikaweka kidole Samothrace, kisha machoni mwangu. Mzee aliyevaa kofia ya kusokotwa akatazama nje, akatazama mawingu, akainua vidole vitano: "*Beş dakika.*" Dakika ni dakika. Tukangoja dakika tano, akarudi na gari lake kuukuu lenye kreti za nyanya.

Alitupeleka magharibi hadi kwenye tuta la juu ya bahari, karibu na kijiji cha Yeniköy, mwendo wa nusu saa. Upepo ulikuwa umesafisha hewa yote. Imbros ilikuwa mbele yetu, ndefu na ya zambarau. Jua liliposhuka mzee akanigusa bega, akaonyesha juu ya mgongo wa kisiwa, si pembeni yake. Pale palikuwa na pembe ya mlima, nyembamba, imefifia kama moshi, lakini haitikisiki. Ni mlima wa Samothrace, mita 1,611, unachungulia juu ya Imbros.

Ramani ilikuwa imenidanganya na utenzi ulikuwa umesema kweli. Aliyetunga mstari ule, au aliyemfundisha, alisimama upande huu wa bahari jioni safi kama hii. Jambo hilo halijulikani kwa kusikia majina ya visiwa. Nililia kidogo, na mzee wetu akageuza uso kwa heshima akajishughulisha na kreti zake.

Alikataa pesa ya mafuta. Akatupa nyanya, kubwa, za moto bado kwa jua. Tulizila na chumvi na jibini la Ezine chumbani.

Alhamisi 8 hadi Jumapili 11 Agosti. Kuvuka kwenda Ugiriki

Basi hadi Ayvalık kupitia miguu ya Mlima Ida, ambako Zeus, mkuu wa miungu, anakaa kutazama vita upande wa pili. Asubuhi yake boti ya saa moja na nusu hadi Mytilene, kisiwani Lesbos, kisha feri ya usiku hadi Piraeus, bandari ya Athens. Njia hii ni ndefu kuliko ndege ila inapendeza zaidi, na unalala baharini badala ya kulipia chumba. Chukua shuka au kikoi, ndani wanawasha baridi kali. Kikoi changu kilitufunika wote wawili.

Kwenye sitaha nilikaa na mama mmoja mwalimu mstaafu, anayejua Kiingereza. Aliniambia watoto wao wanasoma Odyssey mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini na Iliad mwaka wa pili. Akaniuliza sisi tunasoma nini. Nilimsimulia Liyongo gerezani, jinsi alivyotungia wimbo ujumbe wake, mjakazi akaupeleka, na tupa ikaletwa ndani ya mkate wa kumvi. Alinishika mkono muda wote wa hadithi. Nilipofika kwa mtoto anayemchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, akasema neno la Kigiriki ambalo sikulielewa, akajifuta macho.

Athens, makumbusho ya taifa, kiingilio kilikuwa euro 12. Kinyago cha dhahabu kinachoitwa cha Agamemnon, mfalme wa Mycenae aliyewaongoza Wagiriki katika Iliad, ni kidogo kuliko picha zake, na nyuzi za ndevu zimechorwa moja moja. Schliemann alikipata Mycenae mwaka 1876, nacho ni cha karne ya 16 KK, kwa hivyo si cha mtu aliyepigana Troya karibu mwaka 1200 KK.

Jumapili moto ulizuka Varnavas, kaskazini mashariki ya mji. Kufikia jioni anga lilikuwa la rangi ya chungwa na majivu yalikuwa yakidondoka barazani. Mwenye nyumba yetu ya wageni alikuwa na dada yake huko na alishinda simuni. Tuliondoka alfajiri ya Jumatatu, na kumwacha vile kulituuma.

Jumatatu, 12 Agosti. Mycenae

Basi la kutoka Athens linakushusha Fichti, barabarani, na kutoka hapo ni kama kilomita nne hadi kwenye ngome. Teksi hazikuwapo. Tulitembea katikati ya mizeituni na kelele za nyenje. Kwa atakayekwenda: chupa mbili za maji kila mtu, kofia, na uwe langoni wanapofungua. Kiingilio kilikuwa euro 12.

Daftari lilisema: Mycenae yenye dhahabu nyingi, mji uliojengwa vizuri. Dhahabu nilikuwa nimeshaiona Athens. Ya ujenzi nilitia alama chini ya Lango la Simba, lililojengwa karibu mwaka 1250 KK. Simba wawili wamesimama wamekabiliana, vichwa vimepotea. Kizingiti kimelika katikati, na mdogo wangu alivua kiatu akaweka unyayo kwenye bonde lile.

Mbali kidogo na ngome kuna kaburi la kuba linaloitwa hazina ya Atreus. Jiwe la ndani juu ya mlango lina uzito wa kama tani 120. Ndani ni giza, baridi, na kuba la mawe limepanda zaidi ya mita 13 bila nguzo. Watalii walipotoka tukabaki peke yetu. Nilighani beti mbili za Liyongo kwa mahadhi ya babu. Sauti ilipanda, ikazunguka, ikarudi ikiwa imeongezeka, kana kwamba wako watu wengine wanaitikia. Mdogo wangu akaitikia ubeti wa pili. Hakuwa ameughani tangu babu afariki.

Jumatano 14 na Alhamisi 15 Agosti. Pylos

Kutoka Nafplio hadi Pylos ni mabasi matatu na siku nzima, hakuna la kusimulia isipokuwa tini alizotugawia mwanajeshi kijana kule Tripoli.

Jumba linaloitwa la Nestor, mfalme mzee wa Pylos katika tenzi za Homer, liko kilimani kusini kidogo ya mji mdogo wa Chora. Mwaka 1939 Mmarekani Carl Blegen na Mgiriki Konstantinos Kourouniotis walianza kuchimba hapa, na siku ile ile ya kwanza wakakuta vibao vya udongo vyenye maandishi. Hakuna aliyeweza kuyasoma hadi mwaka 1952, Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa usanifu wa majengo, alipofumbua kwamba ni Kigiriki. Vibao havikuwa vimechomwa kama vyungu, vilikaushwa tu na kutumika kwa mwaka mmoja. Jumba lilipoungua karibu mwaka 1180 KK, moto ndio uliovioka vikadumu. Nikiwa bado nanusa moshi wa Athens kwenye mtandio wangu, niliyasoma maelezo hayo mara mbili.

Na vibao vinasema nini? Hakuna shairi hata moja. Ni orodha: mafuta, shaba, wapiga makasia, wanawake wa kusokota na watoto wao, na walinzi waliopangwa pwani. Homer hakuwa na habari na maandishi haya, wala walioyaandika hawamtaji Nestor.

Daftari langu lilisema hivi: Telemachus, mwana wa Odysseus, akimtafuta baba yake, anafika Pylos, na binti mdogo wa Nestor anamwogesha na kumpaka mafuta. Basi unapita juu ya daraja la watembeaji, chini ya paa kubwa, na unatazama chini chumbani. Beseni la kuogea liko pale pale, la udongo, limejengewa kwenye kiunzi chake, na ndani yake mizunguko iliyochorwa ungali unaiona. Mbele yake kuna kidaraja cha kukanyagia ili mtu aingie bila kuteleza. Ni dogo. Mtu angekaa magoti yamepanda kifuani na mwingine angemmiminia maji. Chumba kingine kilikutwa na vikombe vya kunywea 2,853, vimerundikana kwa namna vilivyoanguka kutoka kwenye rafu. Haya yote yalifukiwa karne nyingi kabla ya utenzi kutungwa kama tulivyo nao, na hakuna aliyeyaona katikati. Kilichovuka ni desturi: mgeni aogeshwe, alishwe, kisha ndipo aulizwe jina lake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Nilitia vema, kubwa.

Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na Ugiriki yote inasimama. Hatukupata basi hata moja. Hilo lilikuwa kosa langu la mipango, na nawaonya: wiki hiyo kata tiketi zote mapema au baki mahali pamoja. Tulikaa kwenye benchi Chora, maduka yote yamefungwa, tuna chungwa moja. Kikongwe aliyevaa nyeusi alipita kwenda kanisani, akarudi akatukuta bado tumekaa. Akatuashiria kwa kidole. Nyumbani kwake palikuwa na watu kama ishirini, meza chini ya mzabibu, mbuzi wa kuoka na viazi, mkate, nyanya. Sahani zikawekwa mbele yetu. Ni baada ya sahani ya pili mwanawe alipotuuliza kwa Kiingereza: "Mnatoka wapi?" Tukatazamana na mdogo wangu.

Jumamosi 17 hadi Jumatatu 19 Agosti. Ithaca

Feri kutoka Patras inapitia Sami, Kefalonia, halafu Pisaetos upande wa Ithaca. Tiketi zilikuwa karibu kuisha, tulilipa euro 21 kila mmoja. Bandarini Pisaetos hakuna mji, ni gati na mlima. Panga usafiri wa kukupeleka Vathy, mji mkuu wa kisiwa, kabla hujashuka. Nyumba nyingi ni za baada ya tetemeko la mwaka 1953 lililobomoa sehemu kubwa ya visiwa hivi.

Hapa daftari lilipata shida, na nimeahidi kutojipendelea. Odysseus anasema kisiwa chake kiko chini, cha mwisho kabisa kuelekea magharibi, na visiwa vingine viko mbali upande wa mapambazuko. Ithaca ya leo ni milima mitupu, na magharibi yake kuna Kefalonia, kubwa, inaziba machweo. Kosa. Wachumba waliotaka kumwoa Penelope, mke wa Odysseus, walipomvizia Telemachus walijificha kisiwani Asteris, chenye bandari mbili. Katika mlango wa bahari kati ya Ithaca na Kefalonia kuna kisiwa kimoja tu, Daskalio, jiwe bapa lisilo na bandari hata ya ngalawa. Kosa la pili. Ndiyo sababu wataalamu wanagombana: Wilhelm Dörpfeld aliamini Ithaca ya Homer ni Lefkada, na Robert Bittlestone akasema ni upande wa magharibi wa Kefalonia.

Lakini Telemachus anakataa zawadi ya farasi kwa sababu kwao hakuna nyanda za kukimbilia, ni nchi ya mbuzi. Jumapili tulitembea kama saa mbili kusini ya Vathy hadi chemchemi ya Arethousa, na njiani tulikutana na mbuzi wengi kuliko watu. Juu ya chemchemi kuna jabali wanaloliita la Kunguru, kama utenzi unavyosema. Maji yanatoka kidogo kwenye mwamba. Viatu viwe vya kushika, njia ni changarawe na chini ni bahari.

Kule nilikaa kivulini nikasoma wimbo wa 19 wa Odyssey, mahali Odysseus, aliyerudi akajifanya mwombaji, anapotaka kumthibitishia Penelope kwamba kweli alimwona mumewe. Anamtaja mpiga mbiu wa Odysseus, jina lake Eurybates: mabega ya mviringo, ngozi nyeusi, nywele za kipilipili. Na anasema Odysseus alimheshimu kuliko wenzake wote kwa sababu fikira zao zilipatana. Nilimsomea mdogo wangu kwa Kiswahili. Akaomba nirudie.

Jumatatu tulipanda basi hadi Stavros, kaskazini. Makumbusho yake ni chumba kimoja. Vitu vingi vinatoka pangoni katika ghuba ya Polis, chini ya kijiji, ambako Sylvia Benton alichimba miaka ya 1930 na kukuta vyungu vya shaba vya miguu mitatu, vya zamani za karne ya tisa na ya nane KK. Nilichokitafuta mimi ni kigae tu, kipande cha uso wa mwanamke cha udongo, hakizidi kiganja. Pembeni kimechorwa kwa ncha kali maneno yaliyokatika: nadhiri kwa Odysseus. Ni cha karne chache kabla ya Kristo. Kwa hivyo watu waliosimama hapa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita walinyosha mkono wao, wakasema ni hapa, wakaleta walichonacho. Mlinzi wa makumbusho aliniona nimeinama muda mrefu, akaniletea kiti.

Chini ya makosa yangu mawili sikufuta kitu. Niliacha nafasi, kama ningalifanya Troya laiti ningaliusubiri mto.

Gharama zote bila tiketi za ndege: kama euro 1,150 kila mmoja, viza ndani yake. Zimebaki kurasa 38 katika daftari. Desemba mdogo wangu anakuja likizo, na tumeshaandika ya mbele: Shaka, Ungwana ambako mwanaakiolojia James Kirkman alichimba miaka ya 1950, Ozi, na kaburi. Shangazi yetu Kipini anasema njia ya kwenda Shaka imefunikwa na vichaka, ila yuko mzee mmoja bado anaijua. Ametuambia tusichelewe.